Dakika Kumi Kando ya Bomba, Araihazar

Kutoka Dhaka hadi Araihazar ramani inaonyesha kilometa 30 na ushei, ila barabara ya Sylhet haina habari na ramani. Ukishavuka mto Shitalakshya pale Kanchpur unaingia kwenye foleni ya malori ya vitambaa, mabasi yaliyokwaruzwa ubavuni kuanzia mbele hadi nyuma, na bajaji za kijani zinazotumia gesi, ambazo abiria wake hukaa ndani ya wavu wa chuma. Bhulta, penye soko kubwa la nguo, tulikwama mpaka muuza karanga aliyekuwa ametupita akamaliza msururu wote wa magari na kuturudia. Baada ya hapo tukaiacha barabara kuu, na nchi ikatulia. Ilikuwa Januari, msimu wa baridi na ukavu. Haradali ilikuwa imechanua, mashamba yamekuwa manjano mpaka macho yanapoishia. Kila penye nyumba kadhaa ilisikika mitambo ya kufuma ikigonga, maana wengi hapa wanaishi kwa kufuma misuli na mitandio ya pamba. Na katika kila ua lilikuwapo bomba la mkono, yaani shingo ya chuma, mpini uliopinda, na jukwaa dogo la saruji lililolowa kutu.

Mabomba hayo ndiyo yaliyonitoa nyumbani. Mimi huandika habari za maji, na kwetu ni Kanda ya Ziwa ya Tanzania, upande wa Geita, kwenye dhahabu. Nilikuwa nimesoma mengi kuhusu aseniki, sumu iliyomo kwenye visima vya Bangladesh, na sikwenda kutazama wagonjwa. Nilitaka kuona jambo dogo zaidi, yaani namna mtu wa kijijini anavyojua, kwa gharama isiyofika dola moja, kama maji anayokunywa yana sumu au hayana.

Mwenyeji wangu alikuwa kijana aliyesomea jiolojia Chuo Kikuu cha Dhaka. Aliniita “Bhai”, yaani kaka, tangu tulipopeana mikono, nami nikamwita hivyo hivyo. Njiani alinikumbusha kisa chenyewe, maana alisema ukikitazama kisima cha hapa bila historia yake utaishia kuwalaumu watu wasiostahili lawama.

Nchi hii ilipozaliwa mwaka 1971, watoto walikuwa wakifa kwa kuhara na kipindupindu. Watu wa vijijini walikunywa maji ya mabwawa na mito, ambamo pia waliogea na kuoshea ng'ombe. Serikali, ikisaidiwa na UNICEF, ikahimiza visima vya bomba. Bomba jembamba linazamishwa ardhini, mara nyingi mita 15 hadi 30 tu, na maji yanapanda yakiwa meupe na ya baridi. Watu waliupenda mpango huo kiasi kwamba baadaye hawakungoja serikali, kila mwenye akiba akachimba chake. Kufikia miaka ya 1990 zaidi ya asilimia 90 ya watu wa vijijini walikuwa wakinywa maji ya visima hivyo, vinavyokadiriwa kuwa kati ya milioni 8 na milioni 10.

Sumu iliyokuwamo haina rangi, harufu wala ladha. Ng'ambo ya mpaka, Kolkata, daktari wa ngozi K. C. Saha alianza mwaka 1983 kuwatambua wagonjwa waliotoka vijijini wakiwa na madoadoa meusi na meupe kifuani, na viganja na nyayo zilizoota vinundu vigumu. Upande wa Bangladesh aseniki ilithibitishwa mwaka 1993 huko Chapai Nawabganj, magharibi mwa nchi. Mwaka 1998 na 1999 idara ya serikali ya maji na wataalamu wa jiolojia wa Uingereza walipima visima 3,534 nchi nzima. Katika visima vifupi, asilimia 27 vilizidi mikrogramu 50 kwa lita, ambacho ndicho kiwango cha Bangladesh. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni kikali zaidi, mikrogramu 10. Ikakadiriwa kwamba watu milioni 35 walikuwa wakinywa maji yaliyozidi 50, na milioni 57 maji yaliyozidi 10. Mwaka 2000 Allan Smith, mtaalamu wa magonjwa aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aliandika kwamba hakuna mahali katika historia ambapo watu wengi namna hii wamewahi kutiliwa sumu kwa pamoja.

“Na hakuna aliyeitia,” alisema kijana wa jiolojia. Aseniki ilishuka na udongo kutoka Himalaya kwa maelfu ya miaka, ikibebwa na Ganges, Brahmaputra na Meghna, ikiwa imejishikiza kwenye kutu ya chuma inayofunika chembe za mchanga. Chini ya delta, ambako hewa haifiki na majani ya kale yanaoza, vijidudu huila ile kutu, na aseniki iliyokuwa imeshikiliwa huachiwa ndani ya maji. Hakuna kiwanda cha kushtaki.

Tulimkuta mpimaji kwenye ua wa kwanza, mwanamke wa makamo aliyejitanda mtandio, mzaliwa wa kijiji cha jirani. Watoto walimwita “Apa”, yaani dada mkubwa, nasi tukamwita vivyo hivyo. Zana zake zote zilitosha kwenye mkoba wa shule: vichupa viwili vya plastiki vyenye mstari wa kipimo, pakiti tatu za unga, kichupa cha vikaratasi vyeupe, simu ya kuhesabia dakika, na jedwali la rangi lililotiwa plastiki.

Mwenye ua alikuwa bibi mmoja mwembamba, ambaye wote walimwamkia kwa “Assalamu alaikum, Khala”, yaani mama mdogo. Apa alipiga bomba kwanza mpaka maji yaliyolala ndani ya chuma yakatoka, kisha akakinga mpaka kwenye mstari. Pakiti ya kwanza ni tindikali, unga ule ule wa ukali unaopatikana kwenye zabibu na ukwaju. Akatikisa. Pakiti ya pili ni ya kuzima gesi yenye harufu ya yai viza, maana maji mengine ya hapa yana gesi hiyo, nayo huweza kulidanganya jaribio. Akasubiri dakika mbili. Ya tatu ni unga wa zinki, na hapo mikono yake ikawa myepesi. Aliumwaga na papo hapo akafunga chupa kwa kifuniko ambacho tayari alikuwa amekipachika kikaratasi. Maji yakaanza kutoa mapovu. Akaiweka chupa kwenye kivuli cha mti wa fenesi, akawasogeza watoto nyuma, akabonyeza simu. Dakika kumi.

Yanayotokea ndani ya chupa ni maarifa ya zamani. Zinki na tindikali hutoa haidrojeni, na kama kuna aseniki, haidrojeni huichukua na kupanda nayo ikiwa gesi. Ile gesi inapogusa kikaratasi kilicholoweshwa dawa ya zebaki na bromini, kikaratasi hubadilika, manjano hafifu, manjano ya kukolea, hatimaye kahawia. Mwaka 1836 Mwingereza James Marsh alitumia ujuzi wa namna hiyo ili mahakama ziweze kuthibitisha kwamba marehemu alilishwa sumu, na kabla karne ya 19 haijaisha ilishakuwapo njia hii ya kikaratasi. Gesi yenyewe ni sumu kali, ndiyo maana Apa hapimi ndani ya nyumba, na vikaratasi vilivyotumika havitupi ovyo, huvirudisha kwenye mkoba.

Wakati tunasubiri, Khala alitaka kujua natoka wapi. Kijana akamwambia Afrika. Akauliza kama kwetu nako tunapiga bomba. Nikamwambia tunapiga, tena wanaopiga ni wanawake. Akacheka, akamtazama mkamwana wake aliyesimama mlangoni na ndoo.

Simu ikalia. Apa alifungua kifuniko, akachomoa kikaratasi, akakiweka juu ya jedwali bila kupoteza muda, kwa kuwa rangi hubadilika ikikaa juani. Jedwali lina visanduku: 0, 10, 25, 50, 100, 200, 300, 500, 1,000. Kikaratasi kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Apa alisema 200. Kijana alikigeuza kidogo, akasema labda 100. Walibishana kwa utulivu, kila mmoja akikisogeza kwake. Mwisho Apa akaandika 200 kwenye daftari, akamwambia, “Iwe 100, iwe 200, Khala hanywi.”

Pale nilielewa ubora na upungufu wa kipimo hiki kwa wakati mmoja. Maabara yenye mashine nzuri ingesema 143 au 187, ingekuwa sahihi, na jibu lingerudi baada ya wiki kadhaa, pengine wakati hakuna tena anayekumbuka chupa namba fulani ilikingwa kwenye bomba lipi. Vifaa vya mwanzo vya kupimia uani vilishutumiwa, na kwa haki, maana vingine viliita salama maji yasiyo salama. Vya sasa vimeboreshwa, lakini bado jicho la mtu ndilo linalosoma rangi, na karibu na mpaka wa 50 jicho huyumba. Kwa mtafiti tofauti hiyo ni kubwa. Kwa Khala, anayeuliza kama mjukuu anywe au asinywe, visima vingi haviko karibu na mpaka. Viko mbali nao, huku au kule.

Khala alinyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo kijana alinitafsiria huku akitazama chini. “Maji haya nimeyanywa tangu nilipoletwa hapa bi arusi. Ninyi mlikuwa wapi?” Halafu akauliza, “Nikichemsha je?” Apa akamweleza kwamba kuchemsha huua wadudu wa kuhara, aseniki haifi. Maji yanapungua kwa mvuke, sumu inabaki ile ile, kwa hiyo kilichobaki kwenye sufuria ni kikali zaidi. Kufua, kuoga, kuosha vyombo, haya. Kunywa na kupikia, hapana. Wala wasirudi kwenye bwawa, maana huko kuhara kunawangoja.

Ua wa pili ulikuwa upande wa pili wa migomba, mwendo wa kuvuta pumzi mara chache. Bomba la aina ile ile, fundi yule yule, na mwenyewe alidai kina kinapishana kidogo tu. Tukangoja tena. Safari hii kikaratasi kilitoka kimeingia umanjano wa mbali sana, Apa akakilaza kwenye kisanduku cha 10. Watoto walipiga makofi bila kujua wanashangilia nini.

Jambo hili ndilo lililowastaajabisha wanasayansi waliokuja hapa mwaka 2000. Alexander van Geen, Habibul Ahsan na Joseph Graziano wa Chuo Kikuu cha Columbia, pamoja na Kazi Matin Ahmed wa Chuo Kikuu cha Dhaka, walipima visima takribani 6,000 katika eneo dogo la Araihazar. Karibu nusu vilizidi kiwango cha 50. Lakini vibaya na vizuri vilikuwa vimechanganyika kiasi kwamba takribani asilimia 90 ya wakazi walikuwa wakiishi ndani ya mita 100 kutoka kisima salama. Dawa ya sumu ilikuwa kwa jirani. Walifuatilia pia afya ya watu wazima karibu 12,000, na mwaka 2010 matokeo yakachapishwa: takribani kifo 1 katika kila 5 miongoni mwao kilihusishwa na maji yaliyozidi mikrogramu 10. Wengi wa marehemu hao hawakufa kwa ugonjwa wa ngozi unaoonekana. Aseniki hushambulia moyo, mapafu na kibofu, huleta saratani baada ya miaka mingi, na watafiti waliona inapunguza hata wepesi wa watoto darasani. Tiba yake ya kwanza, na kwa wengi ndiyo pekee, ni kuacha kuyanywa maji yale.

Basi jirani. Mwenye bomba zuri alikuwa shemeji yake Khala, na kati ya nyumba hizo mbili kulikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba ambao kijana aliniambia tusiuguse. Apa aliugusa. Alimwendea yule mzee, akamwonyesha kikaratasi chake na cha Khala, akavilaza kwenye kiganja kimoja. “Chacha,” akamwambia, yaani baba mdogo, “wakija kuchota kwako utawafukuza?” Mzee alivitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akasema maji ni ya Mungu, waje. Ila wasije alfajiri kugongagonga mpini, yeye ana wageni. Mkamwana wa Khala, ambaye hakuwa ametamka neno tangu tufike, akasema atakuja saa nne. Hapo ndipo niliona kwamba kazi ya Apa haiko ndani ya chupa peke yake. Kama mpimaji angekuwa mgeni aliyeshuka kwenye gari, akaandika namba na kuondoka, vikaratasi vile viwili visingewahi kukutana.

Si kila ua unaishia hivyo. Mwanamke anayetoka nyumbani kwake kuchota kwa watu anatazamwa. Mwenye bomba huchoka na foleni. Mvua za masika hufanya uchochoro kuwa tope. Nchi nzima, baada ya visima kupimwa, waliohama kisima kibaya hawakufika hata theluthi moja. Araihazar, ambako watu waliendelea kutembelewa na kuelezwa, walivuka nusu.

Chai tulinywa kwenye kibanda cha njia panda, chai nzito ya maziwa ya kopo kwenye vikombe vya kioo. Juu ya habari za kupima, wazee wa pale walikuwa na mengi ya kusema, na kijana naye aliniongezea lile ambalo wanajiolojia wa hapa husimuliana kwa uchungu. Mwaka 1992 taasisi ya jiolojia ya Uingereza ilichukua sampuli za maji ya visima vya nchi hii na kuyapima madini mengi. Aseniki haikuwamo kwenye orodha. Miaka baadaye mwanakijiji mmoja aliishtaki taasisi mama ya watafiti wale huko London, akidai ripoti ile iliwafanya watu waamini maji ni salama. Kesi ilifika hadi Baraza la Malordi, ambalo mwaka 2006 liliamua kwamba watafiti hawakuwa na wajibu kwake kisheria. Sheria ilikuwa na hoja zake. Lakini kwa mtu wa maji funzo liko wazi: chombo hujibu kile tu kilichoulizwa. Ripoti inaweza kuwa na safu kumi za namba sahihi na bado ikaacha kijiji kizima kikinywa sumu.

Baada ya 1998 nchi iliuliza kweli kweli. Karibu visima milioni 5 vilipimwa uani, kimoja kimoja, na shingo za mabomba zikapakwa rangi, kijani kwa salama, nyekundu kwa sumu. Takribani milioni 1.4 vilipakwa nyekundu. Sidhani kama kuna nchi maskini iliyowahi kupima kitu chochote ardhini kwa upana huo. Kisha mradi ukaisha. Wazee walinionyesha bomba la pale njia panda, ambalo walisema lilipakwa wakati ule. Nililizunguka pande zote nikaona chuma na kutu. Rangi ilikuwa imekwenda na mvua, na vijana waliokuwa wakichota hawakuwahi kuiona. Zaidi ya hapo, kisima kinachoziba hutupwa na kingine huchimbwa kando yake, na kipya hakina rangi yoyote.

Uchimbaji wenyewe tuliukuta jioni. Mafundi wanne walikuwa wakizamisha bomba bila mashine. Walikuwa wamesimamisha mianzi, na mmoja ameketi juu akiwa amefunika mdomo wa bomba kwa kiganja. Wenzake chini waliinua na kushusha bomba kwa wenzo, naye kila linaposhuka aliachia kiganja, tope likaruka, na kila linapoinuka akaziba. Mkono wake ndio uliokuwa vali. Shimoni walikuwa wamemimina maji yaliyochanganywa na mavi ya ng'ombe ili kuta zisibomoke. Kwa kazi ya siku moja, familia inakuwa na kisima chake.

Fundi mkuu alikuwa akitazama mchanga unaorushwa. Alichota kidogo, akausugua kiganjani, akanionyesha ni wa kijivu. Akasema anapopata nafasi hushuka mpaka kwenye mchanga mwekundu. Kijana alifurahi sana, kwa kuwa fundi hakuwa ametoa hilo kwenye kitabu. Mchanga wa kijivu ni ule ambao kutu yake imekwisha kuliwa na aseniki kuachiwa, na mchanga mwekundu au wa rangi ya chungwa ni wa kale zaidi, bado unaishikilia. Huko Matlab, kusini mwa hapa, watafiti wa chuo cha KTH cha Stockholm, akiwamo Prosun Bhattacharya, walikaa na mafundi wa namna hii na kuigeuza elimu yao ya rangi kuwa mwongozo wa kuchagua kina. Nilimwuliza fundi kama humpimia mteja aseniki baada ya kumaliza. Akatikisa kichwa. Mteja hulipa futi. Hajawahi kukutana na mteja aliyelipia kikaratasi.

Nani alipie? Vifaa kwa kisima kimoja havifiki dola moja, na mpimaji mmoja huweza kuendesha chupa kadhaa kwa zamu na kumaliza visima vingi kwa siku. Ukilinganisha na gharama ya kuchimba, ni kitu kidogo mno. Lakini Bihar, India, watafiti waliwauzia wanavijiji kipimo kwa bei mbalimbali. Kwa rupia 10 walionunua walikuwa karibu asilimia 69. Kwa rupia 50 walishuka hadi asilimia 22. Tofauti ya rupia 40, isiyofika dola moja, ilitosha kuwaondoa watu wawili katika kila watatu waliokuwa tayari. Apa hakushangaa nilipomsimulia. Alisema mtu akilipia chumvi anarudi na chumvi, akilipia kipimo anaweza kurudi na habari mbaya, na kwa baba wa nyumba habari mbaya inayouzwa ni rahisi kuiahirisha. Kisha akaongeza kuwa wanaokataa kabisa ni wenye mabinti wa kuolewa, maana ua wenye bomba jekundu husemwa. Zamani wenye madoa walidhaniwa wana ukoma, wengine wakaachwa na waume zao.

Serikali nayo ina jibu lake, visima virefu vya zaidi ya mita 150, vinavyofika kwenye mchanga wa kale. Maji yake kwa kawaida ni mazuri. Tuliona kimoja siku iliyofuata, ndani ya ukuta wa nyumba yenye lango la chuma. Mwaka 2016 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti iliyoeleza jinsi wanasiasa wanavyoamua visima hivyo viende kwa nani, na vingi vikaishia kwa ndugu na wafuasi wao. Waliokadiriwa kuwa bado wanakunywa maji yaliyozidi 50 wakati huo walikuwa milioni 20. Kijana wa jiolojia alisema kisima kirefu kimoja kingewekwa penye mabomba mengi mekundu, kwenye njia ya wote, kingeponya watu kuliko vitatu vya nyuma ya malango. Lakini ili ujue penye mabomba mekundu mengi lazima uwe umepima. Tukarudi pale pale.

Nilipokuwa nikiyatazama hayo sikuacha kufikiria nyumbani. Kwetu hadithi ni tofauti. Aseniki ya Kanda ya Ziwa haikuja na mito kutoka milima ya mbali. Imo kwenye miamba yenyewe inayobeba dhahabu, imefungamana na chuma na salfa, na mwamba unapovunjwa na kuachwa juani na mvuani, hutoka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa KTH, wakiwa na Bhattacharya yule yule wa Matlab, wamepima maji ya Geita na Mara na kukuta vyanzo vilivyozidi mikrogramu 10, vingine kwa mbali sana. Kiwango chetu cha Afrika Mashariki kwa maji ya kunywa ni hiyo hiyo 10, tumekuwa wakali kuliko Bangladesh kwenye karatasi. Na sisi si wageni wa sumu ya ardhini. Watu wa Arusha na Meru wameishi na floraidi muda mrefu. Tofauti ni kwamba floraidi hujitangaza kwenye meno ya mtoto. Aseniki hukaa kimya miaka kumi, na inapojitangaza kwenye ngozi imeshafika kwenye mapafu.

Visima vyetu si milioni 10. Katika kata moja ya wachimbaji unaweza kuvihesabu kwa mchana mmoja ukiwa na pikipiki. Kwa hiyo hatuna kisingizio cha wingi. Mkoba wa shule, mpimaji mmoja anayefahamika na anayejua nani kagombana na nani, kibati cha chuma kilichogongwa namba na tarehe badala ya rangi inayofutika, na sampuli chache zikipelekwa maabara kusahihisha jicho. Kisha kurudi, kwa kuwa bomba lililopimwa mara moja ni bomba la mwaka huo tu, na lililochimbwa jana halijulikani.

Hadi hayo yafike, mwanakijiji ana silaha moja, nayo ni bure. Siku ya kukabidhi kisima, kabla ya utepe kukatwa na mgeni rasmi kunywa bilauri ya kwanza mbele ya kamera, mwombe mkandarasi karatasi ya maabara. Itaonyesha vijidudu, chumvi, chuma, pengine floraidi. Shuka na kidole mstari kwa mstari mpaka uone aseniki na namba mbele yake. Akikwambia maji yamepimwa na mstari huo haupo, mwambie kamati ya maji haijapokea kisima.